Mfano Nilioutoa Ukumbini

Iko siku moja, mwanangu, Jumamosi ya baridi hapahapa Durban, ambayo nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu na kikombe cha chai. Mengine ya ujana yamenitoka. Nimesahau jina la bosi aliyenifukuza kazi Maputo, nimesahau hata namba ya chumba nilichopanga miaka sita. Hiyo Jumamosi haitoki. Nimeona niiandike wakati bado naiona mistari ya daftari. Usome taratibu, maana shule yangu iliishia darasa la nne, na kalamu mkononi mwangu hutembea kwa kuchechemea.

Siku hizo nilikuwa mhadhiri. Usicheke. Vijana wa leo mkisikia mhadhiri mnamfikiria yule wa chuo, mwenye miwani na gari. Mimi nilikuwa mhadhiri wa kutembea. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, suti moja ya kijivu, begi moja, na mihadhara minne kichwani: Subira, Jirani, Heshima kwa Wazazi, na Ubaya wa Pombe. Huo wa pombe niliuacha baadaye, kwa sababu ndugu zetu Wakongo waliniambia kila nikiutoa unawatia kiu. Karatasi sikuwa nayo hata moja. Kusema nilijifunza kwa muuza dawa mmoja wa sokoni Tanga, aliyekuwa akiwasimamisha watu juani saa nzima kabla hajatoa chupa mfukoni. Nikasema, na mimi nitawasimamisha vilevile, ila chupa sina, nitawapa maneno matupu. Nilisema matupu? Basi liache, limejiandika lenyewe.

Miezi ya joto nilizunguka Maputo na Johannesburg. Baridi ya Johannesburg ikianza kung'ata, mwezi wa sita, nashuka Durban. Hapa baridi yake ina huruma: asubuhi unavaa koti, adhuhuri unalivua, jioni unalitafuta tena. Lakini jua huzama mapema, biashara za barabarani zinapoa, watu wanajifungia ndani, na mtu aliye mbali na kwao akikaa ndani sana huanza kumkumbuka mama yake. Ndiyo maana msimu ule mihadhara ilijaa. Jumamosi baada ya alasiri tulikodi ukumbi kule Glenwood, Waislamu na Wakristo pamoja, Watanzania, Wakongo, Wakenya wawili watatu, nami nilisema mpaka saa kumi na moja, madirisha yakianza kuwa meusi.

Umoja wetu haukuwa na uwezo wa kunilaza hotelini. Basi bibi mmoja akapanga zamu: kila wiki mhadhiri analala nyumba moja, anakula nyumba hiyo, Jumapili anahamia nyingine. Bibi huyo tulimwita Gogo Asha; gogo ni bibi kwa Kizulu, usije ukafikiri tulimtukana. Alizaliwa hapahapa Durban. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka pwani yetu zamani sana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kurithi, kimekaa sandukuni muda mrefu. Zamu ile hakuiandika popote. Alikuwa nayo kichwani, na ole wako umwambie wiki hii si yangu.

Nikalala kwenye sofa la wanafunzi wanne Glenwood, waliokuwa wakipika ugali Jumatatu na kuula mpaka Alhamisi. Nikalala Westville kwa mhasibu mmoja, chumba cha peke yangu chenye hita, lakini nyumba ile kila mtu ana gari lake na saa yake ya kula, nikawa nakula na televisheni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Jembe langu lilikuwa kuosha vyombo na kuchekesha watoto, na nililishika vizuri. Palipokuwa na watoto.

Sasa kosa lenyewe halikuanza siku ile. Lilianza kidogokidogo, kama paa linavyovuja. Mihadhara yangu ni minne, Jumamosi ni nyingi. Maneno yakipungua, nikaanza kuchota mlemle nilimolala. Wiki hii niko kwa wanafunzi, wiki ijayo nimesimama ukumbini: namjua kijana mmoja, ugali wake una siku nne, ukiugonga unaitika. Ukumbi mzima unacheka, na wale wanne wanacheka kuliko wote, wanasukumana. Jina sikutaja. Nikajiambia, maadamu sijataja jina, sijamsema mtu. Kwa neno hilo moja nimewaona watu wazima, wenye ndevu na vyeti, wakiharibu nyumba za wenzao.

Wiki ya tano zamu ikafika Cato Manor, kwa Mzee Ramadhani na mkewe Bi Sauda.

Mzee Ramadhani alikuwa fundi viatu, mtu wa Kigoma, miaka hamsini hivi, mkubwa wa mwili, kicheko chake kinaingia mlangoni kabla yake. Shule hakuiona. Utoto wake uliishia kwenye mawese, kukwea michikichi na kukamua mafuta. Bi Sauda alikuwa wa kwetu Tanga, mwembamba, wa sauti ndogo, akishona mapazia kwenye kiwanda kimoja kidogo. Hawakujaliwa mtoto. Unajua kwetu mwanamke akishazaa jina lake hulala, anakuwa Mama Fulani. Yeye wote walimwita Bi Sauda, naye aliitika vizuri tu, ila mimi niliyekula kwake nilimtazama akiitikia jina lile mbele za watu, na nilimwona ni kama mtu aliyekalishwa kiti kibovu na hataki mwenyeji ajue.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kilimani, upepo unapita chini ya mlango, wameuziba kwa blanketi la kukunja. Furaha ya nyumba hiyo ilikuwa barua. Mzee Ramadhani alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake Mwajuma, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Simu zilikuwa taabu siku hizo. Mwajuma aliandika kila baada ya miezi miwili mitatu, barua zinakuja mkononi mwa wasafiri, zimekunjika, zina harufu ya samaki na dizeli. Barua ikifika, sahani zinasogezwa, Bi Sauda anavaa miwani, anasoma, na mumewe anasikiliza amefumba macho. "Enhee," anasema. "Rudia hapo."

Jumanne ya wiki ile barua ilifika Bi Sauda hayupo, amekwenda kumtazama jirani aliyejifungua. Mzee Ramadhani hakuweza kusubiri. Akaja nayo nilipokaa.

"Mwalimu, mwenye macho ametoka. Niazime yako."

Nikaifungua. Mistari mitatu ilikuwa salamu, nikaisoma kwa sauti kubwa. Mstari wa nne macho yalitangulia mdomo, na namshukuru Mungu yalitangulia. Mwajuma aliuliza anasubiri mpaka lini. Huyo mwanamke wa Tanga ni mti usiozaa, amemkalia kaka yake miaka kumi na moja bure, amrudishe kwao, mchumba yuko tayari Kigoma anangoja. Yalikuwepo na mengine, hayo siyaandiki.

"Mbona umekwama?"

"Mwandiko, mzee," nikasema. "Herufi zimelaliana. Tumsubiri mwenyewe."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mhadhiri mzima. Watu mia mbili unawafundisha, karatasi moja imekushinda?"

"Hao mia mbili hawana mwandiko."

Bi Sauda akarudi, akakaa, akavaa miwani, akasoma. Mwanangu, sijamsikia mtu mwingine akisoma vile. Hakusita. Pale penye mti usiozaa akasoma: "Mpe salamu wifi yangu Sauda, mwambie nimemwota amevaa nyeupe, na namwombea afya." Akapita kwenye habari za mvua, za mbuzi, za nani kaoa nani.

"Rudia hapo pa wifi," akasema mumewe, macho yamefumba.

Akarudia, neno kwa neno.

Asubuhi, Mzee ameshakwenda kwenye viatu vyake, Bi Sauda alinimiminia chai akabaki amesimama na birika.

"Shemeji, jana uliisoma."

"Niliisoma."

Akaketi. Akaniambia ni mwaka wa tisa. Barua ya kwanza yenye matusi alifikiri ni hasira, itapita, akaruka mistari. Ya pili akaruka tena. Ya tatu ilikuwa matusi toka juu mpaka chini, akiruka hakuna barua. Ndipo akaanza kutunga. "Ana dada mmoja," akasema. "Nikimsomea yaliyomo itabidi achague. Akinishika mimi, amempoteza aliyemlea. Akimshika dada, mimi nimempoteza yeye. Hivi sasa anatupenda wote wawili na analala usingizi. Kuna ubaya gani, shemeji?"

Akashika pindo la kanga aliyojifunga, ya zambarau yenye korosho nyeupe. Hiyo nayo aliinunua mwenyewe, akamwambia mumewe msafiri ameileta, zawadi ya wifi. Niliijua habari ya kanga hiyo kabla sijaingia nyumba ile, kama walivyoijua watu wote wa umoja wetu. Kila aliyepeleka kiatu kwa Mzee Ramadhani aliambiwa: dada yangu amemtumia mke wangu kanga, wanapendana hao kuliko pacha.

"Liishie hapa," akasema Bi Sauda.

"Limeishia," nikasema. Na wakati ule nilikuwa nasema kweli.

Jumamosi ikaja. Mada ilikuwa Subira. Ukumbi ulikuwa mzito siku ile. Upepo wa kusini ulikuwa umeingia na manyunyu, watu wamelowa viatu, mtoto analia nyuma, wanaume wawili pembeni wanabishana mambo ya mpira. Nikawapa mfano wa Ayubu, wanaujua. Nikawapa wa mkulima na mbegu, wakapiga miayo. Mhadhiri anayepoteza watu ana njaa mbaya, mwanangu, anakula hata mbegu za kupandia. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Namjua mwanamke mmoja. Yuko hapahapa Durban."

Ukumbi ukanyamaza. Hata yule mtoto.

Nikawasimulia. Jina sikutaja. Na nisikilize hapa vizuri: sikumsengenya. Nilimsifu. Nilisema yuko mwanamke anayepokea matusi kwa maandishi na kuyasoma yakiwa asali, mumewe hajui kusoma, anafurahi, na nyumba imesimama. Kina mama wakaanza kufuta macho kwa ncha za mitandio. Mzee Ramadhani alikuwa mstari wa tatu, na yeye anatikisa kichwa. Nilimsikia kabisa akimwambia aliyekaa kando yake, "Mke wa namna hiyo ni hazina."

Ningekoma hapo, labda ingepita. Lakini ukumbi ulikuwa mkononi mwangu, nikataka kuukamua zaidi. Nikasema: "Mpaka akajinunulia kanga, akamwambia mumewe hii ametuma wifi."

Upande wa kina mama kichwa kimoja kikageuka. Kisha vitano. Kisha vyote. Bi Sauda alikuwa karibu na dirisha, na kwa ajili ya baridi alikuwa ameitupia kanga ile ya zambarau mabegani, juu ya sweta.

Hakulia. Aliivuta ikamkaa vizuri, akatazama mbele. Mzee Ramadhani alivua kofia yake, akaiweka gotini, akawa anaitazama hiyo kofia. Nami nilimaliza mhadhara. Ndiyo, niliumaliza, na watu wakapiga makofi.

Walitoka wao wawili wakiwa pamoja, hatua moja kati yao, bila neno. Sikuwafuata. Mlangoni nikakamatwa na Papa Mulumba, Mkongo mmoja mchangamfu aliyekuwa akirekodi mihadhara kwa redio yake na kuwagawia watu kaseti.

"Mwalimu, leo iko ya moto. Bamama walilia, hata miye nililia. Kaseti ya kwanza nimeshatoa, dereva wa lori ameondoka nayo sasa hivi."

"Anakwenda wapi?"

"Dar. Halafu Kigoma, iko na ndugu kule. Donc, sasa uko mtu mukubwa."

Nikamwomba aniitie yule dereva. Akanitazama, akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Lori imekwenda, ndugu. Maji imemwangika, utaizoa na nini?"

Usiku huo nililala kwa wanafunzi, kwenye lile sofa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona kwa maji ya chumvi. Jumapili sikutoka. Jumatatu nilikuwa nimeshapata dawa, au nilidhani. Nikaenda kwa Gogo Asha. Alikuwa kibarazani anapepeta maharage, akinisikiliza bila kuniangalia. Nikamwambia Jumamosi ijayo nitasimama ukumbini, mbele ya watu wote, nitaomba radhi. Nilikuwa nimeshaupanga mhadhara huo mpaka mwanzo wake. Ulikuwa mwanzo mzuri sana.

"Eish, wewe mtoto," akasema. "Uliwavua nguo ukumbini. Sasa unataka kuwavisha ukumbini pia, watu wakitazama?"

"Gogo, mimi nilimsifu."

"Alikutuma?"

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani.

"Aibu ya maiti aijua mwosha, babu yangu alisema hivyo. Sasa mwosha akitoka nje akasema, maiti yule alikuwa mzuri, ngozi yake laini, kiuno chake hivi. Amemsifu huyo?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wema wa mtu una mlango. Yeye ameufunga, ana sababu yake. Wewe umevunja ili watu waone ndani pazuri. Nenda kwao. Nenda kwa miguu, na usibebe maneno mengi."

Kutoka pale mpaka Cato Manor si karibu, na ni kupanda. Nilikwenda. Katika njia nzima nilikuwa na maneno mengi na yote niliyaacha, moja baada ya jingine, mpaka nilipofika mlangoni nilikuwa nimebaki na "nisameheni" tu.

Hilo lenyewe sikupewa nafasi ya kulisema. Bi Sauda alinifungulia, akanikaribisha kama kawaida, akarudi kusimama kwenye mlango wa jiko. Mzee Ramadhani alikuwa mezani. Mbele yake boksi la viatu, na ndani yake barua, za miaka yote. Tangu Jumamosi, nilikuja kujua, alikuwa anakula, anasalimu, anakwenda kazini, anarudi, lakini nyumba ilikuwa haijamsikia akicheka. Bi Sauda alikuwa ameshafunga begi lake. Nililiona, liko nyuma ya mlango wa chumba.

"Kaa," akaniambia. "Soma."

"Zote, mzee?"

"Kama zilivyo."

Nikasoma. Mungu aliponinyima shule alinihurumia akaniachia kusoma, na siku ile nilitamani angeninyima yote. Nilipofika kwenye tusi la kwanza sauti yangu ikashuka.

"Paza," akasema Mzee Ramadhani. "Ukumbini ulikuwa unapaza."

Nikapaza. Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mti usiozaa. Kisima cha mchanga. Mgeni aliyekaa mpaka akadhani ni mwenye nyumba. Bi Sauda anasikia, akiyasikia kwa sauti ya mtu kwa mara ya kwanza, maana miaka yote alikuwa akiyasoma kwa macho tu. Katika ya nne Mzee akainua mkono, akamgeukia mkewe.

"Hapo wewe ulinisomea nini?"

Birika linachemka jikoni. Kisha, bila karatasi, bila miwani, Bi Sauda akasema: "'Mwambie wifi asitoke asubuhi bila kitu kichwani, mji huo nasikia una upepo.'"

"Na ile ya mwaka wa nzige?"

"'Nimevuna kidogo, lakini fungu la wifi nimeliweka.'"

"'Na akija nitampikia mwenyewe,'" akamalizia Mzee Ramadhani. Ndipo nikatambua. Mtu asiyejua kusoma hushika. Miaka tisa alikuwa amezihifadhi zote, na sasa anazitoa moja moja, anaanza yeye, anamalizia mkewe, anaanza mkewe, anamalizia yeye, na mimi katikati nimeshika karatasi zisizo na hata neno moja katika hayo.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, "Mwajuma huu upole ameujifunzia wapi. Mimi alinilea kwa mwiko." Akataka kucheka, kikamkwama. "Kumbe kila neno lililonifurahisha ni la kwako. Sauda, uongo haujaniuma. Kilichoniuma, mimi nimekaa hapa nacheka, nasema rudia hapo, na wewe unapigwa mawe, halafu unaamka kunipikia. Miaka tisa. Peke yako."

"Ulikuwa unatabasamu," akasema Bi Sauda.

Mzee Ramadhani akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akalichukua lile begi, akaingia nalo chumbani, na tukasikia akilifungua na kurudisha nguo moja moja kabatini, mwanamume mkubwa vile, bila kujua ipi inakaa wapi. Mimi nikaaga kwa kichwa. Bi Sauda akanisindikiza hadi mlangoni. "Shemeji, sitakulaani," akaniambia. "Lakini usinisifu tena."

Ungeweza kuishia hapo ukasema, basi, limekwisha salama. Halikwisha salama. Kaseti ilifika Kigoma. Mwajuma aliisikia, na majirani zake waliisikia, na kila aliyemjua kaka yake Durban aliunganisha. Hakuandika tena. Mzee Ramadhani alimwambia mkewe amwandikie, barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, maneno yake mwenyewe sasa, ya kumwita na kumsamehe na kumwomba naye amsamehe. Hakuna jibu. Mwaka wa pili msafiri alileta habari kwamba Mwajuma amefariki. Nilikwenda kwenye matanga, nikakaa jamvini mwisho kabisa, karibu na viatu. Mzee aliniita nisogee. Hakunilaumu, hajawahi kunilaumu. Alininong'oneza tu:

"Mwalimu, ningeipata moja zaidi. Hata ya uongo."

Kuhadhiri niliacha tangu ile Jumatatu. Suti nikaiuza. Mzee Ramadhani mwenyewe ndiye aliyenifundisha kazi ya viatu, akanipa kigoda kando ya chake, akasema kiatu ukikikosea unakifumua unakishona upya, ndiyo kazi inayokufaa. Tulikaa pamoja miaka kumi na minne, mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Nimekula mkate kwa kazi ile mpaka leo.

Utaniuliza, mzee, mbona na hapa umesimulia? Una haki. Bi Sauda yu hai, ni mzee sasa, nilikwenda kumuuliza kabla sijanunua daftari. Alikaa mpaka chai ikapoa. Akasema, andika, labda litamfaa mtu, ila majina ubadilishe, na kanga usiitaje rangi yake. Basi Ramadhani si Ramadhani, na zambarau si zambarau. Nilimsomea yote kabla hujayapata wewe. Pawili aliniambia nifute, nikafuta.

Kilichonisukuma ni mjukuu wangu anayesoma pale Westville. Juzi alinionyesha simu yake. Ameweka picha ya mama yake yuko magotini anapiga deki ofisi za watu, na chini yake maneno mazuri sana, ya mapenzi, kwamba mikono hii ndiyo iliyonisomesha. Watu wamemwaga mioyo na machozi humo. Mama yake, kanisani, hajaenda Jumapili mbili, maana huko alikuwa amewaambia anafanya kazi nyingine. Mtoto analia, anasema, babu, nilimsifu. Nikamwambia najua, mwanangu, kaa nikueleze, na nilipomaliza kumweleza nikaona si yeye peke yake anayehitaji.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipokelewa nyumbani kwa mtu, umekabidhiwa zaidi ya sahani na shuka. Yote utakayoyaona humo, mabaya na mazuri, ni ya mwenye nyumba, na mazuri ni yake zaidi, kwa sababu aliyafanya akitaka yasijulikane. Kutotaja jina hakumfichi mtu. Anayemjua atamjua kwa kanga, kwa kikohozi, kwa namna anavyofunga mlango. Kabla hujamsifu mtu mbele ya watu, mwendee, muulize, na akikataa usimbembeleze. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, radhi iombe pale pale penye jeraha, kwa sauti ndogo, na ukubali kuambiwa upaze. Usifikiri radhi hurudisha kila kitu. Kuna barua zisizorudi.

Mwanangu, Mungu akupe ulimi unaojua saa ya kulala. Akupe wenyeji wasiokuogopa, na mwenza wa kukusomea dunia kwa upole siku macho yako yatakapochoka. Na nyumba utakazopita, ziwe salama unapoingia, na salama zaidi unapotoka. Amina, na wewe uitikie.